Jino lililochimbika shingoni limezibwa mara tatu, mjazo umetoka mara tatu. Ni mate kweli au kuna kingine?

#1 Mwalimu_wa_Dunga
Habari za jioni wanajukwaa. Nina gego dogo la juu, upande wa kushoto, ambalo limechimbika shingoni, yaani pale linapokutana na fizi, kama mti uliopigwa panga shinani. Maji baridi yakigusa hapo nafumba macho. Limezibwa mara tatu ndani ya miezi kumi na minne, kliniki mbili tofauti hapa Kisumu. Mjazo wa kwanza ulitoka baada ya miezi mitano nikila omena. Wa pili ulikaa wiki saba. Wa tatu umetoka juzi Jumapili kanisani, nikiwa naimba. Niliusikia kwenye ulimi kama punje ya mchele mbichi.

Daktari wa pili alinieleza kwa upole: "Mwalimu, hapa palilowa." Kwamba dawa ile ikikutana na mate kabla haijashika, kazi imeharibika. Nafundisha sayansi, najua maji na gundi havipatani. Lakini kukausha mahali padogo kama punje ya mtama kwa dakika kumi kuna ugumu gani, na mtu ana pamba, ana upepo, ana bomba la kufyonza? Sitaki kumsema yeyote vibaya, wote walinihudumia kwa heshima. Nataka kuelewa kabla sijalipa mara ya nne.

#2 Nyar_Kondele
Pole sana Mwalimu. Mimi lilikuwa chonge, shimo hapo hapo kwenye fizi, na mjazo wake unaingia mwaka wa sita. Sijui walifanya nini cha zaidi, ila nakumbuka walinifunika mdomo kwa karatasi ya raba ya kijani, jino likachungulia peke yake kwenye kitundu. Wewe walikufunika?

#3 Mwalimu_wa_Dunga
Hapana. Pamba mbili na lile bomba linalokoroma chini ya ulimi. Mara zote tatu.

#4 Dokta_Gego
Mwalimu, mimi ni daktari wa meno, nilisomea Eldoret, sasa niko Kakamega. Hebu tuyahesabu hayo maji, maana watu hudhani ni mate peke yake.

Mate yana milango yake. Tezi kubwa ya shavuni humwaga kupitia kitundu kilicho mkabala na gego kubwa la pili la juu. Peleka ulimi hapo sasa hivi, utakuta kijinundu. Jino lako liko jirani kabisa na mlango huo. Tezi nyingine zinamwaga chini ya ulimi. Mgonjwa akiogopa, akionja dawa chungu, akiguswa ulimi, mate yanaongezeka. Hayo, pamba na bomba vinaweza kuyapunguza, ikiwa pamba inabadilishwa kila inapolowa.

Maji ya pili yanatoka kwenye fizi yenyewe. Kati ya jino na fizi kuna kijifuko chembamba, na humo majimaji hujichuja muda wote. Fizi ikivimba yanazidi. Ukingo wa shimo lako uko kwenye mdomo wa kijifuko hicho, pengine umeingia ndani yake. Unaweza kujaza pamba mdomo mzima na bado hapo pakaendelea kulowa, kama ukuta wa nyumba iliyojengwa kando ya mto. Nadhani hilo ndilo jibu la "ugumu gani". Shimo lililo juu ya gego, pale pa kutafunia, halina chemchemi pembeni yake. La shingoni linayo.

Ya tatu ni damu. Fizi iliyochoka ikiguswa tu inavuja, na damu inaharibu kuliko mate. Ya nne ni pumzi yako mwenyewe, kwa sababu pumzi ina mvuke.

Sasa kwa nini tone moja linatosha. Ile dawa nyeupe, kompositi, haishiki jino hivi hivi. Tunapaka kwanza asidi ya fosforiki ya asilimia 37, ile jeli ya bluu, kwa sekunde 15 hivi. Tunaosha, tunakausha kiasi, tunapaka gundi, tunapiga taa. Asidi inafungua vitundu vidogo mno ili gundi iingie na kujishikilia humo. Mate yakipita hapo yanaacha utando ambao hauondoki kwa maji tu. Inabidi kurudia asidi. Daktari asipoona kwamba pamelowa ataendelea, taa itawaka, mjazo utang'aa, na mgonjwa ataenda nyumbani na furaha yake. Miezi mitano baadaye, omena.

Tena shingoni sehemu kubwa ya shimo ni dentini, ile tabaka ya manjano ya ndani. Gundi hushika vizuri zaidi kwenye enameli, lile gamba gumu la nje, na huko enameli iko ukingo mmoja tu.

#5 Upepo_Safi
Dokta ametaja maji manne. Ya tano yako ndani ya mashine. Natengeneza viti vya meno na kompresa kuanzia Naivasha mpaka Kericho. Hewa ikikandamizwa ndani ya tangi hutema maji. Tangi lisipofunguliwa valvu ya chini na kumwagwa kila siku, maji hayo yanasafiri kwenye bomba hadi kwenye ile bunduki ya upepo. Kompresa inayotumia mafuta ikichakaa inachanganya na mafuta humo humo. Daktari anaamini anakausha jino, kumbe analinyunyizia. Na Kisumu, kwa ule unyevu wa ziwa, tangi linajaa haraka kuliko Nakuru.

Jaribio lake ni rahisi: elekeza upepo kwenye kioo kikavu kwa sekunde kumi. Ukiona ukungu au doa, usizibe jino la mtu siku hiyo.

#6 Mwalimu_wa_Dunga
Hilo la kompresa sikulijua kabisa. Lakini nikimwomba daktari apulize kioo mbele yangu, hataniona mjuaji?

#7 Nyar_Kondele
Uliza tu. Mdomo ni wako.

#8 AfyaKinywa_Busia
Niruhusuni niseme kwa niaba ya tunaofanya kazi peke yetu. Mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nilipitia KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, niko kituo kimoja karibu na mpaka. Siku ya soko benchi linajaa kabla ya saa mbili asubuhi, na wengi wamekuja kung'oa.

Dokta namba 4 ameeleza vizuri, ila amesahau mikono. Wa kulia umeshika kifaa. Wa kushoto umeshika kioo na umevuta shavu. Bomba la kufyonza lishikwe na nani? Nimewahi kumpa mgonjwa mwenyewe alishike, na walio wengi wanajitahidi, lakini ganzi ikishika hawajui tena bomba liko wapi. Kati ya kuweka chini brashi ya gundi na kuinua taa zinapita sekunde tatu, nne. Ulimi hauwezi kuvumilia sekunde nne bila kwenda kuangalia kuna nini. Ukigusa tu, ile asidi na gundi ni bure.

Raba naijua, nilifundishwa. Ilipoletwa kituoni, klempu zake, vile vibanio vya kuishikilia kwenye jino, zilikuwa za magego makubwa peke yake. Klempu ya gego ukiitia kwenye shingo iliyochimbika inakaa juu ya shimo, haisukumi fizi.

Nilichojifunza kwa miaka ni hiki: fizi ikivuja damu, sizibi. Namsafisha ukoko, namwonyesha jinsi ya kupiga mswaki, namwambia arudi baada ya wiki moja au mbili fizi ikishapoa. Kisha wengi hawarudi. Nauli ya boda kutoka vijijini kuja na kurudi ni hela ya unga. Hapo ndipo huwa nasimama nikifikiri: nizibe leo kwenye damu nikijua itatoka, au nimwache aende na shimo lake nikijua sitamwona tena?

#9 Kijana_wa_Mwanza
Wakuu habari za huko, niko ng'ambo ya ziwa. Mbona hakuna anayetaja glasi ayonoma, ile simenti ya kuzibia meno? Mtindo wa ART, wa kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, ulianzia huku kwetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likautangaza kwa dunia nzima. Hauhitaji umeme wala kompresa. Unachokoa sehemu laini iliyooza kwa kifaa cha mkono, unaweka pamba, unajaza glasi ayonoma na kuisukuma kwa kidole. Ile inashika jino kwa kemia yenyewe, kwa hiyo inavumilia unyevu. Dada yangu wa Busia hapo juu, kwa hali yako ndiyo dawa. Hizo kompositi ni za wenye wasaidizi wawili na kiyoyozi.

#10 Dokta_Gego
Kijana wa Mwanza, historia yako iko sawa. Neno "inavumilia" ndilo naomba tulirekebishe, maana limeponza wengi.

Glasi ayonoma ilitengenezwa London na Wilson na Kent, wakaitangaza 1972. Kweli inajifunga na jino bila gundi, na haidai ukavu wa jangwani. Lakini haipendi mafuriko. Ikioshwa na mate wakati bado inashika, uso wake unalainika na kumomonyoka. Ikikaushwa kupita kiasi, inapasuka nyufa. Ndiyo maana ukimaliza unaipaka vanishi au hata Vaseline, usiiache wazi. Na iwekwe ikiwa bado inang'aa. Ikishafifia kwenye kioo cha kuchanganyia, ile nguvu ya kushika jino imekwenda, hata kama unaweza kuifinyanga. Kwenye joto la Kisumu muda huo ni mfupi, kwa hiyo poza kioo cha kuchanganyia, au uchanganye haraka.

Baada ya kusema hayo nakubali jambo moja: kwa mashimo ya shingoni, tafiti nyingi zinaonyesha glasi ayonoma haitoki upesi kama kompositi. Wagonjwa wanalalamikia rangi yake tu, maana haing'ai kama jino, na inachakaa.

#11 Omukhana_wa_Butere
Mimi waliniwekea uzi. Siyo uzi huu wa jukwaani, uzi hasa, mwembamba kama wa kufumia, wakausokomeza pole pole kati ya jino na fizi mpaka fizi ikarudi nyuma kama pazia. Ganzi ilikuwa imeshika, sikusikia maumivu. Mjazo huo una miaka mitatu. Jambo moja tu lilinishangaza: kabla ya kuuweka daktari aliniuliza kama nina presha. Nikasema ndiyo, ninameza dawa. Akaurudisha ule uzi, akachukua mwingine. Kwa nini?

#12 Dokta_Gego
Mama, huyo daktari mshike. Kuna nyuzi zilizolowekwa adrenalini, inabana mishipa na damu inakoma. Lakini adrenalini inapenya kwenye fizi na kuingia mwilini, kwa hiyo mwenye presha au moyo anaepushwa nayo. Zipo za alumini kloridi, hizo hazisumbui moyo. Ipo na feri salfeti, inakata damu vizuri sana ila huacha weusi, na weusi huo ukibaki ukingoni utaonekana chini ya mjazo mweupe. Yote haya ni lazima yaoshwe kabla ya gundi. Dawa ya kukata damu ikibaki kwenye dentini, nayo inaizuia gundi.

#13 AfyaKinywa_Busia
Hiyo nyuzi kwetu ni hadithi. Natumia tepu nyeupe ya fundi bomba. Naikata vipande, naipitisha kwenye mashine ya kuua vijidudu, nakisokota kipande nakiingiza kwenye kijifuko kwa kifaa butu. Hainyonyi maji kama uzi wa pamba, na gundi haishikani nayo. Inasukuma fizi, inaziba ile chemchemi ya Dokta. Bei yake ni ya soko.

#14 Fundi_Bomba_Njoro
Binti yangu yuko chuo cha uuguzi, ndiye kanitumia hii akisema "Baba, wanakutaja." Nimesoma zote kutoka namba 1 na nimefurahi kuona tepu yetu imefika mbali.

Niwaambie ya kwetu. Mirija ya PPR tunaiunganisha kwa joto. Ukichomelea mrija ambao bado unadondosha maji, tone likikutana na plastiki ya moto linakuwa mvuke, linaacha mapovu ndani ya kiungo. Ukitazama kwa nje kimeshika vizuri kabisa. Kitaanza kuvuja wewe ukiwa umeshalipwa na kuondoka. Mafundi wa zamani wa mirija ya shaba, maji yakikataa kukatika, walikuwa wanasukuma kipande cha mkate mweupe ndani ya mrija. Mkate unanyonya maji, wanachomelea, kisha maji yakifunguliwa mkate unalainika na kutoka kwenye bomba. Nauliza kwa nia njema: ninyi hamna mkate wenu? Kitu cha kunyonya kwa dakika tano tu halafu kitoke chenyewe?

#15 Dokta_Gego
Mzee wangu, mkate wetu ni ule uzi. Unakaa wakati wa kujaza, ukimaliza unauvuta nje. Ukisahaulika ndani, fizi inavimba. Mfano wako wa mapovu nitauchukua kwa wanafunzi, ukiniruhusu.

#16 Fundi_Bomba_Njoro
Chukua, mwanangu.

#17 Mswaki_Mlaini
Naona mnazungumza maji tu. Naomba niulize kilichochimba hilo shimo, maana kilichochimba jino kinaweza kuchimba na mjazo. Mwalimu, unapiga mswaki vipi? Mswaki mgumu? Unasugua kwenda mbele na nyuma kama unapasua mbao? Unatumia mkono wa kulia? Anayetumia mkono wa kulia mara nyingi hukandamiza zaidi upande wa kushoto, na jino lako liko kushoto. Mimi wangu walinionyesha kwenye kioo, magego madogo matatu yote yamechongwa kwa mstari mmoja.

Na soda je? Chai ya ndimu? Asidi inalainisha jino, ukipiga mswaki papo hapo unalikwangua. Ngoja nusu saa hivi.

#18 Mwalimu_wa_Dunga
Umenipata. Mswaki mgumu, mkono wa kulia, na nasugua kwa nguvu kwa sababu baba yangu alitufundisha kwamba mswaki usiposikika haujafanya kazi. Soda si sana. Miwa ndiyo, kila tunapopita Muhoroni lazima nishuke na fungu.

Lakini mjazo wa pili ulikaa wiki saba tu. Mswaki unaweza kuung'oa kwa wiki saba?

#19 Mswaki_Mlaini
Kwa wiki saba, hapana. Huo nakubali ulilowa. Nauliza juu ya ule wa miezi mitano.

#20 Usiku_Nasaga
Kuna jambo hamjaligusa. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba nasaga meno usingizini. Daktari wangu wa Nakuru alinieleza kwamba jino likikandamizwa pembeni kila usiku linapinda kidogo sana, na mpindo huo unakusanyika shingoni. Mjazo mgumu usioweza kupinda na jino unabanduka. Akaniwekea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, akaniziba kwa dawa laini zaidi. Kabla ya hapo nilipoteza mijazo minne, na huyo huyo daktari alikuwa akitumia raba kila mara! Kwa hiyo ukavu ulikuwepo, na bado vilitoka.

#21 Dokta_Gego
Maelezo hayo yana jina katika vitabu tangu 1991, na yamegombaniwa tangu hapo. Wako wanaosema mpindo unaweza hata kuchimba shimo peke yake, bila mswaki wala asidi. Wako wanaosema hilo halijawahi kuonekana wazi kinywani mwa mtu. Binafsi nimeona wasagaji wa meno wasio na shimo hata moja, na nimeona mashimo kwa watu wasiosaga. Lakini kisa chako cha mijazo minne chini ya raba nakipokea, siwezi kukieleza kwa maji.

#22 Rafiki_wa_Bahati
Kwetu Nakuru meno ya kahawia yamejaa, mijazo haishiki. Ni kwa sababu watu hawapigi mswaki, jino limeoza nje nzima.

#23 Upepo_Safi
Hapana ndugu yangu. Yale si kuoza wala uchafu. Ni floridi ya maji ya visima, mtu aliyoinywa akiwa mtoto wakati meno yanatengenezwa ndani ya taya. Ukihamia Nakuru ukiwa mtu mzima meno yako hayageuki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa na vichujio vya mkaa wa mifupa. Nimekulia Njoro, nina meno hayo, na nimechoka kuambiwa nikaoge mdomo.

#24 Rafiki_wa_Bahati
Nimekubali, samahani sana. Nilisema nilichosikia.

#25 Dokta_Gego
Ila kuna ukweli nyuma yake: enameli ya floridi nyingi inaikaidi asidi ya bluu. Wengi wetu tunaiachia muda mrefu zaidi kwenye meno hayo. Usipojua, gundi inakosa pa kujishika hata pakiwa pakavu.

#26 Jaduong_wa_Siaya
Vijana, babu zetu wa Kiluo waling'olewa meno sita ya chini ya mbele, na yaliyobaki waliyatunza kwa mswaki wa mti mpaka uzeeni. Nyinyi mna taa za bluu na bado mnalia. Nawasalimu tu.

#27 Nyar_Kondele
Jaduong, hujambo! Mwalimu ni jino la juu, hata wazee wasingemgusa. Turudi kwenye mada.

#28 Msomaji_Tafiti
Nimefuatilia kimya. Mnasema raba, pamba, raba, pamba. Swali hilo lilipimwa hapa hapa Kenya, kwa watoto wa shule za Machakos. Magego ya utotoni yalizibwa kwa glasi ayonoma kwa mtindo wa ART, wengine kwa raba, wengine kwa pamba, wakafuatiliwa miaka miwili. Raba ilishinda pamba, lakini si kwa mbali. Mwaka 2016 wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti za aina hiyo, na huo wa Kenya ukiwemo, pamoja na mmoja wa mashimo ya shingoni kama la Mwalimu. Wakasema raba huenda inasaidia, ila ushahidi ni dhaifu.

Na hii raba si kitu kipya. Sanford Barnum wa New York aliianzisha mwaka 1864, akawapa wenzake bure. Zaidi ya miaka mia moja na sitini, na bado tunabishana.

#29 AfyaKinywa_Busia
Utafiti wa Machakos naushukuru kwa sababu ni wa mazingira yangu. Lakini nina swali kwa Dokta: ushahidi ukiwa dhaifu, si labda ni kwa sababu mkono wa msaidizi ndio unaofanya kazi, si raba? Raba inamsaidia asiye na msaidizi. Mwenye msaidizi mzuri na pamba anaweza akafika hapo hapo.

#30 Dokta_Gego
Sina jibu. Najua tu kwamba siku msaidizi wangu hayupo, mashimo ya shingoni nayapangia siku nyingine.

#31 Mwalimu_wa_Dunga
Wapendwa, nimerudi. Ni wiki tano tangu nifungue uzi huu, na jino lilizibwa siku 19 zilizopita.

Nilikwenda kwa daktari mwingine. Kwanza alikataa kuziba. Alinisafisha ukoko, akanipa mswaki laini, akanionyesha kuuzungusha kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino, akasema nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi na kwa mara ya kwanza natema mate meupe baada ya kupiga mswaki. Sikuwahi kujua kwamba fizi zangu zilikuwa zinavuja, nilidhani kila mtu hutema na wekundu.

Nikamwomba apulize kioo. Hakuniona mjuaji. Alicheka, akapuliza, kioo kikabaki kikavu, akaniambia tangi analimwaga mwenyewe kila asubuhi.

Akapiga ganzi, akaweka raba na klempu ndogo yenye mabawa, akaiita 212. Nilipumua kwa pua. Niliwaza, mwenye mafua angefanyaje? Nikameza mate mara mbili, klempu ikateleza. Akairudisha ikateleza tena. Hakukasirika. Akaitoa, akaweka uzi ndani ya fizi, pamba kwenye ule mlango wa shavuni, na muuguzi akashika bomba muda wote bila kuondoa jicho. Alitumia glasi ayonoma ya kugandishwa na taa. Akaipaka kitu cha kung'aa mwishoni.

Kwa hiyo nimebadilisha fizi, mswaki, upepo, uzi, msaidizi na dawa, vyote pamoja. Likikaa, sitajua ni lipi lililolishika. Kama ningekuwa na wanafunzi wangu ningewaambia jaribio hili halifai. Lakini maji baridi nakunywa.

#32 Mswaki_Mlaini
Mswaki.

#33 Upepo_Safi
Upepo.

#34 Kijana_wa_Mwanza
Glasi ayonoma, wakuu. Nilisema namba 9.

#35 Usiku_Nasaga
Mwulize na mama watoto kama unasaga usiku. Siku 19 bado ni chache.

#36 Nyar_Kondele
Omena umekula?

#37 Mwalimu_wa_Dunga
Jana. Pande zote mbili.

#38 AfyaKinywa_Busia
Mwalimu, nimefurahi, na huyo muuguzi mpe salamu zangu. Kuanzia Jumatatu napokea mwanafunzi wa mafunzo kwa miezi mitatu, kazi yake ya kwanza itakuwa kushika bomba. Dokta, hizo klempu za mabawa za 212 zinapatikana wapi kwa bei ya mtu wa kituo?

#39 Dokta_Gego
Ninazo mbili za ziada. Niandikie inboksi jina la steji, nitazituma na matatu ya Busia Ijumaa asubuhi. Zichemshie kwenye mashine kwanza. Na ukiibana, ishike kwa kidole mpaka mwisho, usiiachie: mdomo wake ukiteleza kwenye mzizi unakwangua, unakuwa umechimba shimo la pili pembeni ya la kwanza.